Niite Kuli, Bora Unilipe

Kazi yangu ni hii: tamthilia ya Kihindi inakuja na hati yake ya Kiingereza, mimi naandika yale maneno ya Kiswahili yanayopita chini ya skrini. Kihindi chenyewe sikijui cha kujitapa. Najua cha kusikia, kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa kwenye nyumba ambako rimoti ilikuwa ya nyanya hukiokota bila kukusudia.

Wiki kadhaa zilizopita nikafika mahali pa stesheni. Treni imeingia, mama mwenye masanduku matatu anashuka, anainua mkono na kuita: "Kuli!" Kwenye hati ya Kiingereza imeandikwa "coolie". Nikacheka peke yangu mbele ya kompyuta. Si kila siku mfasiri anapewa zawadi ya aina hii, neno la Kihindi, la Kiingereza na la Kiswahili yote matatu yakawa neno moja. Nikaandika "Kuli!" nikasonga mbele.

Kesho yake faili ikarudi na alama nyekundu. "Mpendwa mshirika wetu, tafadhali epuka neno hili kwa kuwa linadhalilisha. Tumia: mhudumu wa mizigo."

Hebu fikiria. Mtazamaji anasikia kwa masikio yake mama akiita kuli, halafu chini anasoma mhudumu wa mizigo. Jaribu kulipaza hilo jina stesheni. Ukifika kwa "mizigo" treni ishaondoka.

Ningeweza kubadilisha, nikatuma, nikalala. Mara ngapi nimefanya hivyo! Lakini safari hii mambo mawili yalinikaba kooni. La kwanza, babu yangu mzaa baba alikuwa kuli. La pili, hawa wanaoniita mshirika wana miezi mitatu hawajanilipa.

Tuanze na neno lenyewe, maana watu wanapenda kulifunika kabla hawajalifunua.

Ukifungua zile kamusi za simu, "coolie" kwa Kihindi unapewa orodha fupi: kuli, mazdur, shramik, hammal. Zimepangwa kama nyanya sokoni, chagua yoyote, bei ni moja. Huo ni uongo wa kwanza. Kila moja ya hizo ina ukoo wake, na ukoo ndio unaoeleza kisa chote.

Hammal tunalijua sisi, ni hamali wetu. Limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kubeba, huko huko tulikotoa himili na stahimili. Kwa hiyo hamali ni mtu anayebeba, na pia, ukitaka, mtu anayevumilia. Shramik limetoka Sanskriti, na ndani yake kuna jasho, ile taabu ya kazi. Ni neno la ofisini na la vyama vya wafanyakazi. Mazdur limetoka Kiajemi, na ukilipasua utakuta muzd, yaani ujira. Mazdur ni mtu wa ujira. Ndiyo maana malipo ya kazi ya mikono yanaitwa mazduri.

Na kuli? Wataalamu wanabishana. Wengine wanalihusisha na Wakoli, jamii ya huko Gujarat. Wengine wanakwenda kusini, kwenye Kitamili, ambako kuli ni malipo ya kazi ya siku. Mimi nakaa na hawa wa pili, na nakuambia kwa nini: kwa Kitamili mpaka leo neno hilo lina maana hiyo hiyo. Si jina la mtu. Ni ile pesa anayokwenda nayo nyumbani jioni.

Soma hapo tena polepole. Neno ambalo leo tunaambiwa ni tusi lilianza likiwa mshahara.

Kihindi kina neno jingine kabisa kwa ajili ya kazi isiyolipwa, kazi ya kushurutishwa: begar. Yaani wenyewe walijua kutofautisha. Huyu ni mazdur, ana chake jioni. Yule amekamatwa begar, hana. Kiingereza cha dola ndicho kilichochukua neno la ujira, kikautoa ujira ndani yake, kikabaki na mgongo mtupu, kisha kikaupaka mgongo huo rangi ya ngozi.

Tazama ilivyofanyika. Baada ya utumwa kupigwa marufuku katika makoloni ya Uingereza, mashamba ya miwa yalikosa watu. Kuanzia 1834 meli zikaanza kupeleka Wahindi Mauritius, kisha Guyana, Trinidad, Natal, Fiji. Zaidi ya watu milioni moja walisafirishwa kwa mikataba kabla biashara hiyo haijasimamishwa mwaka 1917. Kwenye vitabu vya meli wote wakaandikwa coolie: mkulima, mfinyanzi, mjane aliyekimbia kijiji, mwalimu aliyedanganywa. Neno halikuuliza unafanya nini. Liliangalia sura. Ndiyo maana Gandhi, alipofika Natal mwaka 1893 akiwa wakili aliyefuzu London, hakuepuka: akaitwa wakili kuli. Huyo hajawahi kubeba gunia la mtu. Lakini ni Mhindi, basi ni kuli.

Sasa sikia wenyewe walijiitaje. Mkataba kwa Kiingereza ni "agreement". Ulimi wa Bhojpuri ukaukata ukawa girmit, na waliotia kidole gumba kwenye girmit wakajiita girmitiya: watu wa mkataba. Sioni kama hilo lilikuwa jina la kujipendekeza. Ni jina la mtu anayekumbuka kwamba kuna karatasi mahali, na kwamba karatasi ile iliahidi kitu.

Na sisi je, si tuna ndugu yake? Kibarua. Ni barua ndogo, kale kakaratasi mtu alikopewa kuonyesha amefanya kazi siku hiyo, akakapeleka akalipwa. Kakaratasi kakageuka jina la kazi, na jina la kazi likageuka jina la mtu. Girmitiya na kibarua ni mapacha ambao bahari iliwatenganisha. Wote wameitwa kwa karatasi ya malipo. Na wote wawili, ukiwatamka leo, watu wanasikia dharau tu. Karatasi imesahaulika.

Ndiyo sababu sikubaliani na alama nyekundu. Lakini kabla sijaendelea, wacha nimpe haki yake aliyeiweka.

Hakukosea kwamba neno hili linauma. Mtaje mtu wa Durban kwa neno "coolie" uone. Mtaje mtu wa Georgetown au Port of Spain. Hapa kwetu pia, wazee wa Kihindi wa Kenya wanakumbuka mzungu akiita dukawala, fundi na karani wote kwa jina hilo moja. Yeyote anayetaka kulitupia kabila la mtu neno hilo leo asinitaje mimi kama shahidi wake. Kumwita mtu kwa kazi asiyoifanya, kwa sababu ya uso wake, ni tusi, na linabaki tusi hata ukilisema kwa tabasamu.

Lakini mama wa stesheni hakuita kabila. Aliita kazi. Na yule jamaa wa shati jekundu mwenye kibati cha shaba mkononi aliitika, kwa sababu ndiyo kazi yake. Kumfuta jina si kumpa heshima. Ni kumwondolea njia ya kuitwa.

Basi njoo kwa babu yangu.

Babu alivuka Likoni alfajiri miaka na miaka kwenda Kilindini, kabla makontena hayajatawala bandari. Kahawa ilikuwa inapanda melini kwa magunia ya kilo 60, gunia kwa gunia. Alikuwa akisema, "Mimi ni kuli wa Kilindini," kama mtu mwingine anavyosema mimi ni rubani. Akikuona unacheka, anakuuliza: "Wewe mjukuu wangu, umeona meli ikijipakia?" Kwake kuli lilikuwa ufundi. Kuna namna ya kukaza shingo, kuna namna ya kukanyaga ubao, kuna mwenzako wa genge ambaye pumzi zake lazima uzijue. Hata mtu kuitwa kuli kulikuwa na daraja. Si kila aliyekuja langoni alikuwa kuli, wengine walikuwa wamekuja kujaribu tu.

Neno halikumvunja babu. Kilichomvunja ni gunia. Siku moja ubao uliteleza, mgongo ukaenda. Alikuwa ameajiriwa kwa siku ile tu, na siku ile ilikwisha jioni. Alipokwenda kuuliza, hakukuwa na karatasi popote yenye jina lake. Nyapara aliyemchagua asubuhi alisema hamkumbuki. Babu alilala kitandani miezi mingi, nyanya akauza mbaazi na mahamri, na baba yangu akaacha shule darasa la saba. Hiyo ndiyo hesabu ya familia yetu. Ukimuuliza babu kilichomdhalilisha, hakutaji jina aliloitwa. Alitaja lile daftari ambalo hakuwemo.

Hilo daftari lina historia ndefu hapa kwetu. Reli ya Uganda ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na Wahindi karibu 32,000, na wapatao 2,500 walikufa kwenye kazi hiyo. Tunawajua idadi kwa sababu waliandikwa. J. H. Patterson, yule mwanajeshi aliyewaua simba wa Tsavo, anaeleza kwenye kitabu chake cha 1907 kwamba simba wale walikula makuli wa Kihindi 28. Kisha anaongeza, kama mtu anayekumbuka kitu mlangoni, kwamba waliliwa pia Waafrika wengi ambao hakuna aliyeweka hesabu yao rasmi. Mhindi aliitwa kwa jina baya lakini aliandikwa. Mwafrika hakuitwa hata hilo baya. Sasa niambie wewe, kati ya jina na hesabu, kipi kinauma zaidi?

Wapo walioelewa jambo hili mapema kuliko sisi wenye simu. Januari 1921, huko Bageshwar kwenye milima ya Kumaon, kaskazini mwa India, watu walikusanyika kwenye maonyesho ya Uttarayani pale mito miwili inapokutana. Kwa miaka mingi serikali ilikuwa inawalazimisha wanakijiji kubeba mizigo ya maofisa waliokuwa safarini, zamu kwa zamu, na wakuu wa vijiji walishika madaftari ya majina. Waliita mambo hayo coolie-begar: neno la ujira limefungwa pingu na neno la kazi ya bure. Siku ile wakiongozwa na Badri Datt Pande na wenzake, hawakuomba waitwe jina zuri. Walichukua yale madaftari wakayatupa mtoni. Mfumo ukafa.

Mwaka huo huo hapa Nairobi, Harry Thuku alikuwa anawakusanya watu kupinga kipande, ile karatasi ya kuvaliwa shingoni ndani ya kibati, na kupinga kukatwa kwa ujira. Machi 1922 akakamatwa, na waliokuja kudai aachiliwe wakapigwa risasi, Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Kwenye madai yao yote sijaona mahali walipoomba kubadilishiwa jina.

Na Mombasa, Januari 1947, karibu watu 15,000 waliweka kazi chini: makuli wa bandari, watu wa reli, wapishi wa hoteli, wafanyakazi wa majumbani. Mji ukasimama kwa karibu wiki mbili. Walitaka mshahara unaolingana na bei ya chakula na nyumba. Chege Kibachia, aliyekuja kuongoza shirikisho lao, alikamatwa baadaye mwaka huo na kupelekwa uhamishoni. Serikali haikumpeleka mtu uhamishoni kwa sababu ya sarufi. Ilijua vizuri anachodai.

Sasa ruka uje karibu. Mwaka 2008 waziri wa reli wa India, Lalu Prasad, alitangaza kwamba makuli wa stesheni wenye leseni waajiriwe na shirika la reli kama wafanyakazi wa kutunza njia ya treni. Maelfu wakapata ajira yenye mshahara wa mwezi na pensheni. Mwaka 2016 waziri mwingine, Suresh Prabhu, akasimama bungeni na bajeti yake: kuanzia sasa makuli wataitwa sahayak, yaani wasaidizi. Watapewa sare mpya na mafunzo ya kuongea vizuri na abiria.

Linganisha hizo mbili uone. Waziri wa kwanza aliliacha jina, akagusa mshahara. Wa pili aliugusa ulimi, akauacha mfuko. Na ukishuka stesheni za India leo utasikia abiria wakiita kuli vile vile, na yule anayeitika bado analipwa na abiria, mzigo kwa mzigo, hana mshahara wa mwezi. Kama hakuna abiria mwenye sanduku zito, hakuna unga. Masanduku siku hizi yana magurudumu. Ndio huo usaidizi.

Usicheke India. Sisi tumefuzu kwenye mchezo huu. Dereva wa programu ya simu ni mshirika. Kijana wa boda anayeleta pilau yako kwenye mvua ni mshirika. Msichana anayelala jikoni kwa watu South B siku hizi anaitwa meneja wa nyumba, na mshahara wake ni ule ule wa enzi akiitwa boi. Msee anayesukuma mkokoteni kutoka Marikiti hadi Muthurwa aliambiwa kwenye kampeni kwamba yeye ni hasla, akashangilia, na baada ya uchaguzi kanjo wakamnyang'anya mkokoteni. Kila mwaka tunapanda cheo cha maneno. Mtaani tunabaki pale pale tukingoja doo.

Na si kwamba sheria haipo. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Inasema pia kwamba ukimfanyisha kazi siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, huyo si kibarua tena, ana haki za mwajiriwa wa mwezi. Waajiri wanaijua kuliko unavyoijua wewe. Ndiyo maana watu wa Industrial Area wanapumzishwa siku chache kabla mwezi haujatimia, kisha wanaitwa tena Jumatatu kama wageni. Na ndiyo maana neno mshirika limependwa hivi. Mfanyakazi anaweza kudai likizo. Kibarua anaweza kudai siku yake. Mshirika anadai nini? Mshirika si mnashirikiana tu, faida kwao, hasara kwako.

Hapa utaniambia: kwani hatuwezi kupata vyote viwili, jina zuri na mshahara? Tunaweza, na siku vikija pamoja nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Lakini angalia vinakuja kwa mpangilio gani. Jina linakuja bure, linakuja leo, linakuja na alama nyekundu na salamu za "mpendwa". Mshahara unaambiwa ungoje idara ya uhasibu. Anayekupa kitu kisichomgharimu na kukunyima kinachomgharimu, usimshukuru kwa adabu yake. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeona neno kuli ni zito kuliko gunia hajawahi kubeba gunia.

Na kuna hasara nyingine tunayopata tukifuta maneno kama haya. Kiswahili kilichukua kuli kutoka ng'ambo ile ya bahari, na kilichukua bepari pia: kwa Gujarati na Kihindi ni mfanyabiashara tu, na hata Nyerere alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare mwaka 1969 akauita Mabepari wa Venisi. Pesa yenyewe ni paisa. Mambo yote matatu yalishuka kwenye jahazi zile zile: kuli, bepari na pesa. Lugha yetu inakumbuka nani alibeba, nani alimiliki, na kilichopita katikati yao ni nini. Ukimfanya kuli kuwa mhudumu wa mizigo, bepari ukamfanya mwekezaji, basi mtoto wa kesho hataweza hata kuuliza swali. Ataona mhudumu na mwekezaji wanatabasamu kwenye tangazo, na atadhani hawajawahi kugombana.

Niliwajibu wale wa alama nyekundu. Nikawaandikia kwa heshima kwamba neno kuli liko kwenye kamusi za Kiswahili kama jina la kazi, kwamba mhusika mwenyewe analitamka wazi, na kwamba babu yangu alilibeba miaka mingi bila kulionea haya. Nikaambatisha ankara zangu tatu ambazo hazijalipwa, ya zamani zaidi juu.

Jibu lilikuja siku ile ile. Walinishukuru kwa mchango wangu wa thamani, wakasema wanajali sana lugha yenye utu, na wakabadilisha "Kuli!" kuwa "Msaidizi!" Kuhusu ankara hawakusema neno.

Tamthilia ilishapita hewani. Nyanya aliitazama. Akaniuliza kwenye simu mbona yule mama wa stesheni anaita kuli na nyinyi mmeandika mambo mengine, hamjui Kiswahili? Nikamwambia tunajua, nyanya, ila tuna washirika. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kile ambacho angemuuliza babu kila jioni akivuka feri kurudi nyumbani.

"Wamekulipa?"

Bado, nyanya.